Firdausi Ameozwa Nami Ningali Hai

Mzenga,
Kisarawe.
14 Septemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Mwanamvua,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Songea? Shemeji na watoto hawajambo? Na mguu wako, umepona? Mimi natembea kwa mkongojo, lakini chakula nakula na usingizi napata.

Najua mwanangu Hashiru alikwambia nimepoteza akili. Ningekupigia simu, ila maneno yangu bado hutoka polepole, na watu wa siku hizi hawana subira.

Mwaka jana nilipopooza nikashindwa kusema, Hashiru alinichukua kwake Kibaha. Akaenda mahakamani, akapewa usimamizi wa mambo yangu yote. Kwa hilo simlaumu. Wakati ule hata jina langu sikuweza kulitamka.

Lakini nikaanza kupona. Jirani yake, Margareth, muuguzi mstaafu, alikuja kila asubuhi kunifundisha kutamka, neno moja moja. Nilipomwambia Hashiru sasa aniachie mambo yangu, alinipigapiga begani kama mtoto, akasema nisijichoshe.

Mwezi wa nne akamwoza Firdausi, binti yangu wa pekee. Shehe alipouliza walii, Hashiru alisema baba hajiwezi, yeye ndiye atakayeozesha. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nimefungiwa mlango. Niliita, "Nipo. Baba yake nipo." Nikasikia mtu akiwaambia wageni wasijali, ni mgonjwa tu. Wakaendelea. Mwanamvua, siku ile nililia kuliko nilipomzika mama yao.

Wiki iliyofuata Margareth alinisindikiza mahakamani na cheti cha daktari. Hakimu aliniuliza leo ni siku gani, wanangu ni nani, nyumbani kwangu ni wapi. Nilijibu yote, naye akanivumilia. Mwezi wa saba amri ile ikafutwa, nikarudi Mzenga. Ndoa ya Firdausi ndiyo imeshapita.

Juzi Hashiru alikuja kuomba radhi. Anasema alinifanyia vile kwa mapenzi. Nilimwuliza jambo moja tu, kama siku ile alinisikia nikiita. Akainama.

"Nilikusikia, baba."

Nikamwambia amalize chai yake aende.

Nisalimie shemeji, na Fadhila, na Mzee Pazi. Ndugu yetu Wema akikuuliza habari zangu, mweleze kama nilivyokueleza. Mungu akulinde, na akuepushe na wanaokupenda bila kukuuliza.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Kibwana