Mshipa Uliochorwa Kwenye Daftari Langu

Mlandege, Jumanne, 8 Juni 1976

Na hasira bado ninayo. Mgonjwa ni mimi, lakini leo hospitali daktari ameongea Kiingereza na mwanangu Elia, mimi nimekaa pale kama gunia la mahindi lililoletwa kupimwa.

Nikamsukumia daftari langu hili la kisomo cha watu wazima. "Nichoree, daktari."

Akachora, akinieleza kwa Kiswahili, mshipa mkubwa unaotoka moyoni, umepinda kama mpini wa mwamvuli. Penye kona umevimba. Uvimbe huo unabana neva ya koo, ndio ulioniharibia sauti, na mimi miezi mitatu nakunywa asali na tangawizi! Ukipasuka, nimekwisha. Ng'ambo wanaweza kuukata, washone bomba la kitambaa mahali pake.

Elia akasema, "Mama, kwa umri wako, tuache tu."

"Kifua ni chako au changu? Nakwenda."

Akalia, mtu mzima na ndevu zake. Nikamfuta machozi kwa khanga.

Kisu nakiogopa, sifichi. Tena daktari amesema sauti huenda isirudi. Haidhuru. Wajukuu nitawagombeza kwa kunong'ona, wasogee karibu wanisikie.