Tarehe ya Kuutoa Mrija

Dada yangu mpenzi,

Natumaini umeamka vizuri, na goti lako limepunguza ukorofi. Shemeji na wajukuu hawajambo? Mimi nipo, ila nina hofu, nisamehe mwandiko.

Jana nilirudi hospitali. Daktari, binti mpole mwenye miwani, alinichorea njia inayoshusha mkojo kutoka figo yangu ya kushoto. Pana mahali pameota kovu, imebana kama kiuno cha nyigu. Alisema wanaweza kuitanua bila kupasua tumbo, kwa kupitia chini, mkojo unakotokea. Ama wanaingiza puto dogo na kulijaza palepale palipobana. Hilo ni la upole, ila pengine panabana tena. Ama wanakata kovu kwa mwanga wa leza. Kwa kovu fupi kama langu huenda ikadumu zaidi, ila damu inaweza kutoka. Akaniuliza nachagua ipi. Nikamwambia mjuzi wa mabomba alikuwa marehemu mume wangu. Akacheka, kisha akaona machozi, akanisogezea kitambaa.

Unaikumbuka kalamu ya mume wangu Fundi, ile ya wino mzito? Kila alipomfungia mtu bomba la muda, aliandika ukutani tarehe ya kulitoa. Hata kwetu, juu ya sinki, aliandika.

Sasa nikuambie nililokuficha. Ule mrija laini niliowekewa ndani ili mkojo upite, niliokuambia umeshatolewa, bado ninao. Nilikudanganya, Dada. Ulitakiwa ukae miezi mitatu, umekaa minane. Tarehe ilipofika, Fundi alikuwa na wiki mbili tu kaburini, na lango la hospitali ni lile lile aliloingia akitembea, akinionya nisimmalizie chai, asitoke tena akiwa hai. Nilifika pale mara mbili, nikaishia kwa muuza magazeti.

Daktari anasema mrija umeota ukoko mgumu, kama ndani ya birika. Lazima utoke kwanza, kisha wapime kama figo bado inafanya kazi. Ikiwa imekufa, hakuna tena cha kuchagua.

Watautoa Jumanne, saa mbili asubuhi. Tarehe nimeiandika juu ya sinki, chini ya mwandiko wake, kwa kalamu yake; wino bado upo. Njoo unishike mkono, Dada. Nikiwa peke yangu nitanunua gazeti tena.

Wabusu wajukuu, shemeji mpe pole ya kubaki jikoni.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Kifaranga