Gari Nililolipitisha Bila Kulala Chini Yake

Mpendwa Mama Elena, naomba msaada wako kabla sijaondoka duniani, maana kuna jambo nimelificha kwa miaka miwili: gari lililomvunja Pitia mguu nililipitisha mimi, na nililipitisha bila kutazama chini yake.

Mimi ni mzee wa Koboko, nina miaka themanini na moja, moyo wangu umechoka na daktari wa Arua ameacha kunipangia tarehe ya kurudi, kwa hiyo naandika kidogo kidogo, ukurasa asubuhi na nusu ukurasa jioni, na binti yangu Margarita anadhani naandika wosia wa shamba. Nilisomea magari, nikawa mkaguzi wa magari wa serikali kwa miaka ishirini na sita, na nilipostaafu watu hawakuniacha, kila aliyetaka kununua gari lililotumika alikuja kunichukua kwa bodaboda, nami nilikuwa na utaratibu wangu: nasoma logibuku, ile kadi ya usajili wa gari, nalinganisha namba ya injini na ya chasisi, natembeza sumaku juu ya mabati nijue palipozibwa kwa puti, nalala chini juu ya mkeka na tochi yangu, halafu nasimama, napiga boneti kwa kiganja mara moja na kusema, "Ni zima." Baada ya kiganja hicho hakuna aliyeuliza tena. Wauzaji walikiogopa, wanunuzi walikingoja, na makondakta wa stendi walikuwa wakiniigiza.

Ndipo akaja Agnes Keji, mjane anayelima muhogo Kuluba, akitaka teksi ndogo ya viti saba ili mwanawe Pitia apakie abiria na mazao hadi Koboko, na siku za soko hadi Arua. Gari lilikuwa Arua kwa muuzaji mmoja mcheshi aitwaye Afedra.

"Mzee, hii gari ilikuwa ya sista," Afedra aliniambia. "Yeye nakwenda misa, narudi. Basi."

"Sista gani huyo mwenye misa ya kilomita laki tatu?" nikamuuliza.

"Misa ilikuwa mbali, mzee!"

Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote, na ni hapo nilipopaswa kukaza uso na kumwuliza sista huyo anaitwa nani, anakaa wapi, na kwa nini jina lake halimo kwenye logibuku, lakini niliridhika kwamba nimewachekesha watu. Injini ilinguruma vizuri, rangi ilikuwa mpya, kupita kiasi. Agnes akaniambia, "Mzee, sema tu. Kama wewe nasema iko sawa, mimi nanunua leo." Katekista aliyekuja naye alikwisha kuvua kofia ili aliombee gari. Nikapiga boneti. Mgongo wangu ulikuwa hauinami tena, na niliona aibu kuomba mtu anishike mkono mbele ya wauzaji walioniogopa miaka yote, kwa hiyo sikulala chini, na karatasi ya mauziano nikaisaini kama shahidi.

Mwezi wa tano baada ya hapo, Pitia akitoka Arua na abiria, gari lilikatika upande wa mbele, gurudumu likajikunja ndani, likachomoka, na gari likaenda mtaroni. Abiria walitoka na michubuko. Pitia alivunjika mguu pabaya na mpaka leo anatembea kwa gongo. Wiki hiyo hiyo fundi wetu, Yugu, alikuwa amebadilisha boljointi, vile viungo vinavyoshika gurudumu, za gurudumu lile lile, na watu hawakutafuta zaidi. Walinipeleka nilione gari. Niliona lilipokatikia: palikuwa na welding ya zamani, yaani gari liliwahi kupasuka likaunganishwa, na kutu ilikuwa imeshaingia kwenye kiungo. Wakaniuliza, "Mzee, nini ilivunja?" Nikajibu, "Gurudumu limetoka." Hilo lilikuwa kweli, nami nikanyamaza hapo, na kabla ya Jumapili gari likakatwa likauzwa kama chuma chakavu.

Yugu amefunga gereji. Wanamwita Yugu Kata-Mguu, sokoni, mchana kweupe, na sasa anafyatua matofali ya watu. Mwezi uliopita alikuja kuniona mgonjwa, akaniletea machungwa, akasema, "Mzee, wewe najua magari. Ile nati mimi nilifunga. Nilifunga kabisa." Nikamwambia, "Pumzika, mwanangu." Machungwa yake niliyala.

Mama Elena, niseme, na watu wa Koboko wanizike wakinong'ona juu yangu, au ninyamaze nimwachie Margarita jina safi? Nakuomba jibu la haraka.

Mzee, Koboko

MAMA ELENA ANAJIBU

Mzee wangu, pole kwa moyo, na pole kwa mgongo. Baada ya pole hizo mbili, nivumilie.

Umemtaja Agnes, umemtaja Pitia, umemtaja Yugu, hata Afedra na kicheko chake umemleta gazetini. Jina moja tu halimo katika barua yako, nalo ni lako. Unaniuliza kama ufe na heshima. Heshima hiyo, mzee, Yugu ndiye anayekubebea kila siku pamoja na matofali.

Mgongo kuchoka si kosa. Ungesema, "Mwiteni kijana yeyote mwenye tochi, mimi siwezi tena kuinama," watu wangekuheshimu vile vile na Pitia angekuwa anacheza mpira. Ulishindwa kusema sentensi moja mbele ya wauzaji wa magari! Halafu palipopatikana nafasi ya pili, mbele ya gari lililokatika, ukashindwa tena. Na Margarita usimfiche nyuma ya swali lako. Hujamwuliza anataka jina la namna gani.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye wiki hii, usingoje upate nguvu. Mtume Margarita awaite Agnes, Pitia na mwenyekiti wa kijiji. Usiwaite kitandani kwako, maana huko watakuhurumia na Yugu ataondoka na huruma mkononi badala ya haki. Watu wakubebe wakupeleke kwenye gereji ya Yugu iliyofungwa, majirani wasikie. Soma mwenyewe uliyoyaandika, saini, mwenyekiti agonge muhuri, na karatasi apewe Yugu. Nakala nyingine apewe Agnes aende nayo polisi kuhusu Afedra. Usiombe msamaha siku hiyo. Ukiomba, wao ndio watakaolazimika kukujibu, na siku hiyo ni zamu yako kujibu. Na kama kuna kitu ulichokibakiza nje ya barua hii, usiniandikie mimi. Kisemee hapo hapo.

Nanyi wasomaji mnaojiandaa kununua gari, msinunue kwa kiganja cha mzee, hata awe mkaguzi wa namna gani. Lipelekeni kwenye gereji yenye shimo, kwa fundi mliyemchagua wenyewe, siyo binamu wa muuzaji, ashuke chini na tochi, ainue kila kinachoinuliwa. Nendeni ofisi ya usajili mjue gari limepita mikononi mwa nani, kisha mtafuteni mmoja wao mmwulize liliwahi kupata nini. Liendesheni wenyewe kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, si kuzunguka uwanja wa muuzaji. Na ombeni baada ya kukagua. Muuzaji akianza kuwaharakisha, mrudi nyumbani na pesa yenu.

Mzee, gereji ya Yugu haitakuwa mbali ukianza leo.

BARUA YA PILI

Mama Elena, safari hii chapisha jina langu. Naitwa Saturnino Okuonzi.

Tulikwenda Jumanne. Wapwa zangu walinibeba kwenye kiti hadi kwa Yugu. Margarita nilimwambia asubuhi ile, akanipigia pasi shati. Walikuja watu wengi kuliko tuliowaita, wengine wakidhani nimekuja kugawa shamba.

Nilisoma mwenyewe. Sauti iliisha mara mbili na mara zote mbili hakuna aliyenisaidia. Mwenyekiti akagonga muhuri. Yugu alichukua karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, kisha akaenda kufungua kufuli la gereji, nadhani ili apate kitu cha kufanya na mikono. Agnes hakunitazama.

Pitia ndiye aliyesogea, na gongo lake. "Mzee," alisema, "mgongo nakataa, sawa. Mgongo ni mgongo. Lakini mimi nauliza tu. Siku ile, wewe ulijua?"

"Muache mzee, amechoka," mtu mmoja akasema nyuma.

"Mimi pia nachoka," Pitia akajibu. "Mzee, ulijua?"

Nilikwisha kusomea watu kurasa nne na jibu la swali hilo halikuwemo, kama ambavyo halikuwemo katika barua niliyokuandikia. Nikamwambia.

Nilimwambia kwamba baada ya kusema gari ni zima, katekista alipoanza kuomba na wote wakafumba macho, miguu yangu ilinilemea nikakaa kwenye kiti cha dereva. Zulia la sakafuni lilikuwa limejikunja kwa mbele. Nililiinua. Niliona welding imekatiza sakafu nzima, kutoka mlango hadi mlango, nami nilijua kuliko mtu yeyote katika uwanja ule kwamba hilo ni gari lililopasuka likaunganishwa. Sala ilikuwa haijaisha. Nililirudisha zulia, nikalinyoosha kwa kiatu, na waliposema amina nikashuka, nikaomba kalamu.