Chapa ya Babu kwenye Chupa ya Maziwa

Jumatano, baada ya Alasiri. Garissa.

Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi, mazito, yanatutishia tu. Hakuna hata tone. Feni ya chumba changu inasukuma joto lilelile kutoka ukuta huu hadi ule. Nina hasira, lakini si ile ya juzi. Ya juzi ilikuwa ya kulia. Ya leo ni ya kufanya kazi.

Ngoja niandike yote, hata yanayoniaibisha, maana nikianza kujipamba hapa basi sijajifunza lolote.

Mimi ni mwanafunzi wa dizaini, mwaka wa pili, katika chuo kimoja hapa mjini. Tunachora nembo, lebo, mabango, vitambaa, na hayo ndiyo yaliyonipeleka. Lakini chuo kimetuwekea pia masomo ya jumla ambayo lazima kila mtu apite: mawasiliano, hesabu, na lile nililolichukia kuliko yote, Jamii na Utamaduni. Sisi tunayaita masomo ya kujaza. Ukiuliza fulani yuko wapi Jumanne saa nne, utajibiwa, "Ameenda kujazwa," na darasa zima linacheka.

Jina hilo nililianzisha mimi. Nakiri.

Jamii na Utamaduni linafundishwa na Mwalimu Kanini, mama wa Kitui mwenye miwani ya kamba na kalamu nyekundu isiyokauka. Muhula uliopita alitupa zoezi: keti saa nzima na mtu mzima wa kwenu, muulize kuhusu kitu kimoja cha nyumbani au cha mifugo, uandike kurasa mbili. Saa nzima! Mimi nilikuwa na bango la kumalizia. Nikachagua chapa za ngamia, zile alama za kuchomwa kwa moto, nikaokota maneno ya hapa na pale kwenye simu, halafu nikamsingizia bibi yangu kwamba ndiye aliyeniambia. Niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, kwamba chapa hizo ni mapambo ya kitamaduni ya wafugaji.

Karatasi ilirudi na neno "mapambo" limezungushiwa duara jekundu. Pembeni palikuwa na swali: Umemuuliza nani?

Nilikasirika sana. Mtu wa Kitui anifundishe mimi ngamia? Mimi, Msomali, mtoto wa Garissa? Nikaikunja karatasi na kuisukuma chini ya kabati. Ukweli ni kwamba ngamia ninaowajua mimi ni wale wanaokatiza barabara na kusimamisha magari. Nimezaliwa mjini, nimekulia mjini, na maziwa yao nimekutana nayo kwenye kikombe.

Muhula huu kazi yetu ya studio ni kumtafuta mteja wa kweli. Wa kwangu sikumtafuta mbali. Ninaishi kwa habaryar Sahara, mdogo wake mama, naye ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaouza maziwa ya ngamia sokoni. Wako kumi na wawili, wa nyumba tofauti na koo tofauti, na maziwa yao huletwa asubuhi kutoka upande wa Bura. Walitaka lebo moja ya kubandika kwenye chupa, ili maduka na ofisi ziwajue. Habaryar ndiye aliyemkalisha baba chini wakati baba alipokuwa akisema kuchora si kazi. Alimwambia, "Mwache asome. Siku moja atatufanyia kitu chetu."

Basi nimewafanyia.

Sebuleni kwetu kulikuwa na picha ya zamani ya babu, baba yao mama na habaryar, amesimama kando ya ngamia wake. Shingoni mwa ngamia yule kuna chapa: mstari uliopinda kama mundu na chini yake nukta mbili. Nilikuwa nikiipita kila siku nikienda kunywa chai. Siku moja nikasimama nikaiona kwa jicho la dizaini. Rahisi, safi, inasomeka hata kwa mbali, kila kitu ambacho mwalimu wa studio hutuimbia. Nikaichukua nikaiweka katikati ya lebo, nyeusi juu ya nyeupe. Sikumwonyesha habaryar. Nilitaka aione mbele ya wenzake, ashtuke kwa furaha.

Jumatatu nilikwenda na mwalimu wa studio, ambaye ni mtu wa Kisumu, hadi kwenye kibanda chao cha mabati. Nikaifunua lebo. Pakawa kimya. Wallahi nilidhani wamevutiwa! Nilianza hata kueleza habari za rangi.

Aliyevunja kimya ni Eedo Halima. Hatuna undugu, lakini kwetu mwanamke wa umri ule huwezi kumwita jina kavu, ni shangazi yako tu. Alisema kwa Kiswahili, ili mwalimu naye asikie.

"Hii ngamia ni ya nani?"

Nikamwambia si ngamia, ni nembo.

"Mimi naona ngamia ya baba ya Sahara. Sasa masiwa yangu nabeleka chini ya alama ya baba yake? Mimi nimekuwa mchungaji yake?"

Nilimtazama habaryar. Alikuwa ameinamisha uso.

Ngamia akipotea hadi Tarbaj, watu wa huko huitazama chapa yake na kujua arudishwe kwa nani. Chapa ni kusema: huyu ni wetu. Wanawake wote pale walilijua hilo kabla hawajaota meno. Mimi peke yangu ndiye niliyeona pambo. Habaryar aliapa kwamba hajawahi kuiona lebo ile, lakini nani angemwamini? Msichana ni wake na picha iko ukutani kwake. Walisema alitaka kukifanya kikundi kizima kiwe boma la baba yake. Watatu walibeba mitungi yao ya plastiki wakaondoka, Eedo Halima akiwa wa kwanza. Jumamosi kikundi kinakaa, na waliobaki wameshasema kwamba wale watatu wasiporudi, kila mtu ashike njia yake. Miaka yote ya habaryar ya kuwakusanya wanawake wale, nimeitia ufa kwa mistari yangu mizuri.

Tukirudi chuoni mwalimu wa studio akanifariji. "Lakini dizaini yenyewe ilikuwa nzuri sana."

Hilo ndilo lililoniliza.

Jana, Jumanne saa nne, nilikwenda kujazwa bila kusukumwa na mtu. Niliitoa ile karatasi chini ya kabati, nikaikung'uta vumbi, nikamwambia Mwalimu Kanini kila kitu: bibi niliyemsingizia, lebo, kikundi. Nilitarajia anipe pole. Alichukua kalamu, akaikata alama aliyonipa na kuandika sifuri.

"Kwetu Kitui pia ng'ombe ana alama," akasema. "Ukiichora kwa mlango wako, nitabisha nikuulize ng'ombe wangu wako wapi. Kwani ulifikiri niliuliza juu sijui?"

Halafu akaongeza kwamba sifuri hiyo ataifuta siku nitakayomletea ile saa moja. Mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hiyo niliikariri shule ya msingi, nikaandika na insha, na sikujua mguu wenyewe ni wangu.

Kwa hiyo leo sikwenda studio. Nilikwenda kwa Eedo Halima, pale anapouzia sasa peke yake kando ya duka la nguo, nikiwa na daftari na penseli tu. Nilimwambia kosa ni langu, kwamba habaryar hakujua, kwamba sikumuuliza mtu yeyote. Alinisukumia mitungi miwili nioshe. Nikaosha. Alikagua ndani kwa kunusa, akanirudishia mmoja. Nikaosha tena.

Baada ya hapo ndipo alipoongea, na wala haikuwa saa moja, zilikuwa karibu mbili. Alinichorea kwa kidole kwenye vumbi: chapa ya shingoni, ya shavuni, ya pajani. Alichora hata ya nyumba yao, halafu akaifuta kwa kiganja. "Hii usiandike." Sikuiandika. Nimejaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho niliona kitu kizuri nikakiacha nilipokikuta, na sikumbuki.

Nilipokuwa nikimwekea mitungi yake kivulini nikaona kila mmoja una kitambaa cha kijani kwenye mkono wake. Nimeviona vitambaa hivyo maisha yangu yote. Nilidhani ni vya kufungia kifuniko! Safari hii nikauliza. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua hutokea wapi. Mitungi yote ni ya manjano, akasema, na yote hupakiwa kwenye gari moja kule Bura. Wa kijani ni wake. Wa uzi mwekundu ni wa jirani yake. Wa habaryar una kamba nyeusi yenye mafundo mawili. Hakuna anayegusa wa mwenzake.

Nikakaa palepale chini nikachora. Jina la kikundi tu, herufi nene, bila chapa ya mtu. Na kila chupa ifungwe shingoni uzi wa mwenyewe, rangi anayoijua yeye. Nikamwonyesha. Hakusema ni nzuri. Alisema, "Jumamosi nitakuja kuangalia. Kuangalia tu."

Nimeipokea hiyo kama ilivyo.

Wa pili kati ya wale watatu walioondoka alinipa nusu saa na kikombe cha chai, akaniambia uzi wake ni mweupe na nisithubutu kumpa mtu mwingine. Wa tatu hakunikaribisha hata kuketi. Alisema hana neno na mimi mpaka nije na Sahara mwenyewe, tusimame wawili mbele yake.

Sasa niko chumbani, karatasi ya Mwalimu Kanini imenyooshwa juu ya meza. Chini ya swali lake jekundu nimeandika: Halima. Chini ya Halima nimeandika jina la yule wa uzi mweupe. Kisha nimerudi juu kabisa, kabla ya wote, nikaandika Sahara, ingawa yeye sijamuuliza bado. Tangu Jumatatu ananiwekea chakula na hanitazami. Nimelala nyumba moja naye mwaka wa pili huu, na mtu wa kwanza niliyepaswa kumuuliza alikuwa ng'ambo ya ukuta.

Nilipoingia leo nimeona ameishusha picha ya babu. Umebaki msumari.

Sitalia tena. Jumamosi lebo itakuwa tayari, na kesho, akikubali, tutasimama wawili mlangoni pa yule wa tatu. Namsikia jikoni akipuliza mkaa. Naizima simu, naiacha hapa na kwenda kwake na daftari. Swali langu la kwanza nimeshaliandika: habaryar, unaniruhusu kuirudisha picha ya babu ukutani?