Gari la Baba Lilipokataa Kusimama

Njiru, Nairobi
Jumapili, 16 Juni 2024

Mpendwa kaka Mutie,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Joto la Doha linakutendeaje? Mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kukaa kwenye lori kutwa nzima, umepata nafuu? Sisi hatujambo. Mama yuko hapa kwangu tangu mwezi uliopita kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho amekomaa kote kuwili, sasa anaona mwanga na vivuli tu. Mwanangu Eve anamshika mkono hadi bafuni na kumsomea Biblia jioni.

Huenda umeshasikia kwamba tulipata ajali. Hatukuumia. Nimeshindwa kukueleza kwa simu kwa sababu kila nikianza, najikuta nazungumzia mambo mengine.

Unalijua gari la Baba. Tangu Aprili lilikuwa likitetemeka kila niliposimama, mpaka kioo cha pembeni kinacheza. Barabarani nalo lilikosa nguvu. Nakanyaga mafuta, linanguruma tu, na kwenye mlima hata baiskeli inanipita. Jirani alisema ni plagi. Nikabadilisha plagi zote, likatetemeka vilevile. Breki pia nilizisikia zikiwa nzito, lakini nilidhani ni uzee wa gari.

Jumatatu nilikuwa nikimpeleka Mama kliniki, ameketi mbele kando yangu. Tulipoteremka kuelekea darajani, mbele yetu kulikuwa na mtu anavuta mkokoteni wa mitungi ya maji. Nikakanyaga breki. Kaka, pedali ilikuwa kama nimekanyaga jiwe. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili huku nikijiinua kwenye kiti, na gari bado linakwenda. Niliona kisogo cha yule mtu na kofia yake ya sufu. Nikazungusha usukani, tukaingia kwenye lundo la kokoto kando ya barabara, na hapo ndipo gari liliposimama.

Mama hakuona lolote. Alisikia kishindo tu, akaanza kunipapasa usoni akiuliza, "Ndunge, uko? Uko?"

Niliposhuka, yule mtu wa mkokoteni alinijia nyuma ya gari, Mama asikoweza kutusikia. Nilitarajia matusi. Alisema polepole, "Dada, ulikuwa unaniua," kisha akakaa chini kwenye kokoto.

Nilimpigia Munyoki, yule makanika wa Shauri Moyo aliyekuwa akimtengenezea Baba. Alipofika aliwasha gari, akafungua boneti na kuinama akisikiliza. Kulikuwa na mluzi mdogo, kama hewa inatoka kwenye gurudumu. Akafuata kwa vidole mpira mmoja mnene wa kupitisha hewa, akabana mahali fulani upande wa chini. Mtetemeko ukaisha papo hapo. Akaachilia, ukarudi.

"Injini inavuta hewa hapa kwa ufa," alisema. "Ndiyo maana inatetemeka na haina nguvu. Na huu mpira ndio unasaidia breki yako. Ukivuja, unabaki na nguvu za mguu wako tu."

Nilipoukunja kwa mkono wangu, ufa ulifunguka kama mdomo. Nimeendesha na ufa huo tangu Aprili, nikimpeleka Eve shule.

Aliweka mpira mpya na kukagua breki zote. Alinifundisha pia kujipima: gari likiwa limezimwa, nakanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha nawasha huku nimekanyaga. Pedali ikizama kidogo, msaada upo. Sasa napima kila asubuhi. Nikishamaliza narudia, kwa sababu siamini mguu wangu.

Kila nikilala naiona ile kofia. Nilimwambia Mama nitamtafutia mtu mwingine wa kumpeleka kliniki. Akakataa kabisa, akasema atapanda na mimi na si mwingine, na kwamba yeye haogopi.

Basi Ijumaa tulikwenda. Gari limetulia, lina nguvu kama zamani, na breki inashika kwa mguso tu. Niliendesha polepole hadi watu wakanipigia honi. Mama alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini njia nzima, nami nikajisemea kweli haogopi. Tulipofika nikazima injini, nikavuta hendibreki. Hakufungua mlango.

"Limesimama?" akauliza.

Nikamwambia limesimama. Akanyoosha mkono, akaushika wangu juu ya hendibreki. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

"Tukae kidogo kwanza," akasema.

Upasuaji wake ni mwezi ujao. Mpigie simu, tafadhali, kaka, lakini usimtaje yule mtu wa mkokoteni, kwa maana sijamweleza jinsi tulivyomkaribia.

Nisalimie Ondiek mnayeishi naye chumba kimoja. Shangazi Syombua na mume wangu Phares wanakusalimu. Mungu akutangulie barabarani kila unapoingia kwenye lori lile, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako nikupendaye sana,
Ndunge