Uzito Wangu Kwenye Kiti cha Baba

Osiri, Migori.
Ijumaa, 15 Agosti 2025.

Mpendwa Mama Mdogo Rael,

Nianze na lile ambalo sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu nikitanguliza salamu nitapoa na sitalisema tena. Bolti nne za kufungia injini ya ndege ya baba hazikuibwa. Ninazo mimi. Ziko ndani ya boksi langu la shule, nimezitia kwenye soksi na kuzificha chini ya pakiti ya pedi, mahali ambapo baba hawezi kuingiza mkono hata nyumba ikiwaka moto.

Sasa salamu. Hamjambo huko Musoma? Mguu wako umepona, ule ulioumia ukishuka kwenye mashua mwezi wa sita? Baba mdogo Mirumbe anaendeleaje na macho yake? Na dagaa zinapatikana? Mimi hapa nasema omena, wewe huwa unanicheka, lakini nimeandika dagaa ili unisome kwa moyo mmoja. Sisi ni wazima wa mwili. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la mashine za mawe. Mdogo wangu Maranga amemaliza kung'oka meno ya utoto na sasa anauliza maswali mengi kuliko zamani.

Nakuandikia kwenye meza ya kulia. Kila anayepita mlangoni naifunika karatasi kwa kitabu cha Kemia. Nimeifunika mara sita tayari, na moja ilikuwa kuku.

Utauliza kwa nini sikupigi simu. Unanijua. Ukisema halo, mimi natafuta sauti mpaka unadhani mtandao umekatika. Nina miaka kumi na saba na bado hivyo.

Desemba ulipokuja uliiona ndege ikiwa mifupa mitupu, ukamwambia baba inafanana na kitanda cha hospitali. Alicheka lakini ilimkaa, maana hadi leo wageni wakija anawaambia, "Kitanda cha hospitali ndicho hiki." Sasa ina mabawa na kitambaa, imepakwa rangi ya bluu, na ina kiti kimoja. Injini aliitoa kwenye gari dogo lililokufa pale mjini Migori.

Kazi ya baba ya miaka yote ni mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na kwenye mashine hizo injini hufungwa chuma juu ya chuma, chini saruji, isicheze hata kidogo. Ikicheza, mawe hayasagiki. Basi na hii ya ndege akaifunga vivyo hivyo. Siku ya kuiwasha, ndege nzima ilitetemeka hadi kikombe cha mama kikatembea kwenye kizingiti cha dirisha na kuanguka. Kesho yake Fundi Omanga, yule aliyechomelea ndege yote kutoka pua hadi mkia, akaonyesha ufa kwenye fremu inayobeba injini. Omanga ndiye aliyekata raba nene za tairi la lori, akaziweka kati ya injini na fremu ili zimeze mtikisiko. Raba zikahitaji bolti ndefu na ngumu zaidi. Baba akaziagiza Nairobi, nne. Ndizo hizo zilizo kwenye soksi yangu.

Mtetemo ukaisha. Shida iliyofuata ni ya uzito, na hapo ndipo mimi nilipoingia.

Ndege lazima ijue uzito wake uko wapi, mbele au nyuma. Hapa Osiri kitu kizito kinainuliwa kwa chenbloki, ule mnyororo unaofungwa juu ya miti mitatu. Wakaitungika ndege hivyo, mnyororo umeshika pale mabawa yanapobeba. Ikiwa sawa italala kama meza. Lakini lazima mtu awe ndani, kwa sababu haitaruka bila mtu, na mtu mwenyewe ni baba.

Baba hakuingia. Machimboni kwetu anayevuta mnyororo ndiye mwenye kazi, na mwenye kazi hainuliwi kama gunia wengine wakimtazama. Hawezi kuuachia mnyororo. Hajawahi, hata siku ile alipokuwa na malaria. Akaangaza macho, akaniona nimeshika daftari la vipimo.

"Dolphine, ingia wewe. Mtu ni mtu."

Nikaingia. Akavuta. Pua ikaenda chini, nikajikuta natazama viatu vya watu.

"Cephas," Omanga akasema, "hii pua imekula ugali wa nyumba nzima."

Walicheka, baba pia. Wiki nzima akaikata ile fremu ya mbele na kuirudisha injini nyuma, karibu na kifua cha ndege, sentimita ishirini na saba. Wakaitungika tena, nikaingia tena, ikalala sawa kabisa. Hata Maranga aliweka gololi juu ya bawa na haikubingirika. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa juu kule, nimeshika ukingo, nikajisikia kama mtu wa maana. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Siku mbili baadaye nilikuwa nafanya swali la Fizikia la likizo, lile la watoto wawili wanaokaa kwenye ubao, mmoja mzito mmoja mwepesi. Nikaliacha katikati. Mama Mdogo, mimi nina kilo arobaini na sita. Baba ana themanini na nne. Kiti kiko nusu mita nyuma ya pale mnyororo uliposhika, kwa hiyo baba akikaa, kilo thelathini na nane ambazo hazikuwepo siku ile zinaongezeka zote upande wa nyuma. Injini ina kilo sabini. Nikauliza, ili izishinde hizo, isogezwe mbele kiasi gani?

Sentimita ishirini na saba. Zilezile alizozikata. Nimeirudia hesabu mara tisa na inatoka ileile. Fremu ilikuwa sawa tangu mwanzo. Kilichokosea ni uzito wangu kwenye kiti cha baba.

Wewe unapakia mashua, kwa hiyo sina haja ya kukueleza sana. Mzigo ukirundikwa nyuma, pua inatazama mawingu na usukani unakosa nguvu. Lakini mashua ina maji chini yake ya kuishika. Ndege ikilemewa mbele inakataa tu kupaa, unarudi nyumbani na aibu yako. Ikilemewa nyuma inapaa upesi, tena kabla hujaitaka, halafu pua inazidi kupanda, mwendo unaisha, na mkia hauna tena nguvu ya kuishusha. Inaanguka na aliye ndani.

Nilijaribu kusema. Sitaki udhani sikujaribu. Mara ya kwanza ilikuwa mezani, na mama akaanza habari za kwaya. Mara ya pili nilikwenda mpaka karakana. Kulikuwa na watu wanne na joto la bati.

"Baba, kuna kitu."

"Sema."

"Ni kuhusu... mimi na wewe hatulingani."

Walicheka wote, hata yule mteja aliyeleta beringi. "Hilo hata mama yako analijua," baba akasema. "Umekula?"

Nikasema nimekula. Nilikuwa sijala.

Mara ya tatu niliandika hesabu yote kwa Kiingereza, kama tunavyofundishwa, kwa mistari na michoro, nikaichomeka kwenye daftari lake. Kesho yake niliikuta kwenye ndoo ya takataka. Alikuwa ameifutia kijiti cha kupimia oili. Ile themanini na nne yangu ilikuwa imezama kwenye weusi, ila arobaini na sita inasomeka vizuri.

Basi tarehe nne, walipokuwa wameishusha injini ili wapake fremu rangi, nilizikuta zile bolti kwenye kopo la majani chai, nikazichukua. Nilifikiri zikikosekana nitapata muda, na ndani ya huo muda nitapata sauti. Sikufikiria kwamba kitu kikipotea karakana lazima apatikane mwizi.

Baba alitafuta siku nzima. Jioni akasema, bila kumtazama mtu, kwamba bolti ngumu kama zile zinatakiwa sana kwenye mashine za kule machimboni, na anayejua thamani yake ni mmoja tu. Omanga alikuwa anavua glavu. Akazivua polepole, akaweka ufunguo wa karakana juu ya injini.

"Cephas, nimekula kwako miaka kumi na mbili," akasema. "Basi kahesabu na vijiko."

Akaenda. Mimi nilikuwa mlangoni na jagi la uji. Alinipita, akanigusa kichwani kama anavyofanya siku zote, na mimi nikamwambia, "Kwaheri, Fundi," kwa sauti nzuri kabisa. Hiyo ilitoka. Sabato iliyopita kanisani aliketi safu ya mwisho na familia yake. Hakuna aliyekaa karibu nao, na baba aliimba kwa nguvu kuliko kawaida.

Nimechoka, Mama Mdogo. Nimemkasirikia baba kwa kung'ang'ania mnyororo, lakini nikimkasirikia naona mikono yake ilivyochanika kwa ajili ya hicho kitu cha bluu. Nimekasirikia wale waliocheka. Nimeikasirikia hata shule. Imenifundisha lugha mbili na kwa zote mbili nimenyamaza. Usiku nalala karibu kabisa na boksi, na naogopa mama atakuja kuomba pedi.

Na sasa kuficha kwenyewe hakuna maana. Jumatano bolti mpya zilifika. Fundi mwingine alizifunga jana. Jumapili lori linakuja kuibeba ndege hadi Lambwe, kuna mzee mmoja huko amewapa malisho yake, sehemu ndefu isiyo na miti. Baba anasema ataikimbiza tu kwenye nyasi kwa kuwa kibali hakijatoka, hataruka. Lakini leo asubuhi nilimwona mama ameshika shati jeupe la baba, lile la harusi ya Leonida, amelikuta limepigwa pasi na baba mwenyewe. Mtu wa kukimbia kwenye nyasi hapigi pasi shati jeupe. Na hata kama anasema kweli, haijalishi anachokusudia. Kwa uzito ule, ikishika mwendo itajiinua yenyewe.

Nilitaka umwambie wewe. Ndiyo sababu ya barua hii. Wewe ndiye mtu pekee ambaye baba akimsikia anakaa chini kwanza. Ungesema tu, "Shemeji, rudia kupima, safari hii ukae mwenyewe," angenung'unika halafu angefanya. Ni kazi ya nusu siku. Wachukue tu mtu mwingine avute mnyororo.

Lakini nimefika hapa, ukurasa wa tatu, ndipo nimehesabu siku. Barua itabebwa na Caren wa duka la nguo, na Caren anavuka mpaka pale Isebania Jumatatu. Itakufikia Jumanne, pengine Jumatano. Jumapili itakuwa imepita. Mimi, mwenye kujisifu kwa hesabu, sikuiona hiyo. Au niliiona na nikajifanya sijaiona, kwa sababu ukiandika hakuna anayekutazama mdomo. Nadhani nilitaka niseme nimesema.

Ngoja nimalize basi, kwa maana kuna jambo la kufanya.

Msalimie baba mdogo Mirumbe, umwambie ile miwani ya kusomea aliyoisahau Desemba tunayo, Maranga haivai tena. Msalimie Scovia, picha zake nilizipata na nguo imempendeza. Bibi mbusu shavuni kwa niaba yangu, na umwambie kwa sauti, asikie, kwamba Dolphine anamkumbuka. Mungu awashike nyinyi kwenye maji, na sisi atushike chini hapahapa kwenye ardhi, angalau kwa Jumapili hii.

Wako akupendaye, na anayetaka kuwa jasiri kama wewe,

Dolphine.

N.B. Ni saa kumi na moja. Ijumaa baba hufunga mapema ili aoge kabla Sabato haijaingia. Nazisikia gambuti zake uani, sasa anazigonga kwenye ngazi kutoa tope. Kitabu cha Kemia nimekiweka sakafuni. Bolti nimezitoa kwenye soksi na kuzipanga juu ya kurasa zako, moja kila pembe, upepo usizichukue. Ataziona kabla hajaniuliza kama nimekula.