Mheshimiwa wa Mkanda wa Kuku

Barra do Cedro, 3 Novemba 2019

Mama,

Nipe baraka. Mimi mzima, baridi ya humu kiwandani tu ndiyo inanimaliza. Goti lako vipi?

Nikuchekeshe. Tumechagua kamati ya usalama kazini. Nilijiandikisha kwa sababu wagombea walialikwa nyama choma, nawe unanijua. Wenzangu wakanipigia kura kwa utani, nikashinda! Eti muda wote wa muhula wangu, na mwaka mmoja baada ya hapo, kampuni haiwezi kunifukuza bila kosa kubwa. Kamati yenyewe haijawahi kukutana. Edilene, yule ninayesimama naye bega kwa bega kwenye mkanda wa mashine unaotuletea kuku wa kukata, sasa ananiita Mheshimiwa.

Nyama ilikuwa ngumu.

Mwanao,
Ivonete

Barra do Cedro, 18 Mei 2020

Mama,

Nipe baraka, na unisamehe kwa habari hizi. Korona imeingia kiwandani. Jumanne Edilene alikuja na homa, anakohoa mpaka anaegemea mkanda. Nikamwomba msimamizi wetu, Valdecir, amrudishe nyumbani bila kumkata mshahara, na sisi wengine atutenganishe. Akasema kuku hawangoji. Basi nikaweka kisu chini, nikarudi nyuma hatua mbili. Wanawake wote wa mkanda wetu nao wakarudi nyuma. Kuku wakapita kwenye kulabu bila kuguswa, Mama.

Kesho yake nikapewa karatasi: huduma yako haihitajiki tena. Mimi peke yangu. Wengine wamerudi palepale, wamebanana vilevile, na Edilene amelazwa.

Najiona mjinga. Nauza kitanda, narudi nyumbani mwisho wa Juni. Usimwambie mtu.

Mwanao,
Ivonete

Lagoa do Coco, 30 Mei 2020

Ivonete,

Mungu akubariki, kichwa ngumu wangu. Goti linauma, lakini uzima upo.

Kitanda usiuze. Wewe unachoandika hukikumbuki, ila mimi barua zako naziweka kwenye kopo la unga wa muhogo, na nikishamaliza kuvunja nazi zangu ndogo za porini, zile za babasu, nazisoma. Nakurudishia ile ya Novemba. Soma pale nilipopiga mstari kwa mkaa. Wewe umesahau, na hao wakubwa wako wa kiwandani wamesahau, kwa kuwa wote mliona ni utani. Mimi sikucheka.

Nilimpelekea wakili wa chama chetu cha wavunja nazi. Akasema sheria ndivyo ilivyo, tena mfanyakazi akiona hatari kubwa mbele yake ana haki ya kusimamisha kazi. Nenda chama cha wafanyakazi cha huko, barua mkononi. Ukija hapa kabla hujamwona hakimu, mlango sikufungulii.

Edilene namwombea.

Mamako,
Raimunda

Barra do Cedro, 9 Agosti 2020

Mama,

Nipe baraka, tena zile kubwa. Tumeshinda!

Hakimu alitusikiliza kwa simu ya video. Wakili wa kampuni akapekua makaratasi yake, akakuta jina langu kwenye orodha ya kamati, akakiri kuwa limo. Amri ikatoka: nirudishwe kazini, wagonjwa wakae nyumbani na mshahara wao, na kila mtu wa mkanda awe na nafasi yake na kizuizi katikati.

Jumatatu nikaingia. Valdecir mwenyewe ndiye aliyetakiwa kunikabidhi kisu changu. Akakinyoosha akitazama sakafu, akasema, "Karibu tena, Ivonete."

Nyuma yake alikuwa Edilene, amekonda lakini amepona. "Mheshimiwa Ivonete," akamsahihisha.

Wanawake wakagonga vinoo vyao kwenye kulabu mpaka kiwanda kizima kikavuma. Nililia, Mama, sikuficha.

Mwanao,
Ivonete

Lagoa do Coco, 22 Agosti 2020

Ivonete,

Mungu akubariki. Goti leo limenisahau.

Barua yako nimewasomea wanawake wote huku wakivunja nazi. Pale pa kukabidhiwa kisu wakataka nirudie, nikarudia mara tatu, ya mwisho nikiwa nimesimama. Sasa iko kwenye kopo na wenzake.

Novemba gombea tena. Ila safari hii, kula kwanza nyumbani.

Mamako,
Raimunda